Kipipa Hajala Kitu

Mume wangu si mwongo. Nalisema mapema, maana mtu akiipata hadithi hii nusunusu humfikiria vibaya, na mimi sipendi. Kazi yake ni kuoka keki, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ambacho zamani kilikuwa stoo. Ana oveni mbili, meza ndefu, na rafu ya mabati ya kuokea ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuyagusa, hata mimi niliyemzalia watoto. Mtaa mzima unamwita Kipipa, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Tumbo lake lilikuwa linaingia mlangoni, linasalimia watu, ndipo na yeye anafuata.

Tumbo lenyewe halikunisumbua, nililizoea. Kilichonimaliza ni usiku. Akilala chali, anakoroma mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Akilala ubavu, mkojo unamwamsha, anakwenda, anarudi, anagugumia maji, halafu anashangaa mkojo umerudi tena. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, na mimi macho yamenivimba kama mfiwa. Sikuwa nimepata usingizi wa maana tangu mtoto wetu wa mwisho alipoacha kunyonya, na mtoto huyo sasa anafuga ndevu.

Basi siku moja akawa anaandika pongezi juu ya keki ya watu, na maandishi yakapanda mlima. Alianzia chini kushoto, akamalizia karibu na ukingo wa juu. Akakwangua krimu, akaandika tena, yakapanda tena. Aliweka mfuko wa krimu mezani taratibu, akaniambia, "Bi mkubwa, sioni vizuri." Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki.

Sukari ilikuwa juu, tena juu kweli. Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimbadilishia kwanza dawa za kisukari alizokuwa akimeza, ndipo akampangia kufunga. Ale chakula cha jioni mapema, jua likiwa bado lipo, kisha asitie kitu kinywani mpaka adhuhuri ya siku inayofuata. Maji anywe, chai pia, mradi haina sukari wala maziwa. Akihisi kutetemeka au jasho jembamba, avunje mfungo pale pale na aje amwone.

"Haya si mashindano, mzee," alimwambia. "Usije ukajifanya shujaa ukaniangukia." Kisha akanigeukia mimi, akaniangalia machoni. "Na wewe mama, akipungua huyu, utalala." Nilitamani kumkumbatia.

Kipipa alifunga kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Asubuhi nikinywa chai, anageuza kiti aangalie ukuta. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na hana mazoea ya kumsifu mkwe wake hata kwa bahati mbaya, alisema, "Huyu safari hii amedhamiria." Akiulizwa na mtu yeyote, jibu lilikuwa moja: hajala kitu. Alilisema kwa fahari, kifua mbele.

Tuliporudi kliniki, daktari alisoma majibu, akavua miwani, akasoma tena. Sukari haikushuka. Uzito nao ulikuwa pale pale, umekaa kitako.

"Unakula asubuhi," daktari alisema.

"Sili."

"Mzee, mwili hausemi uongo."

"Na mimi sisemi uongo." Nikaingilia kati, maana damu ilishanichemka. Nilimwambia daktari kwamba huyu mtu naishi naye, namwona, hali kitu mpaka adhuhuri, na kama mashine yao ni mbovu waipeleke kwa fundi. Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema macho ya mume wangu yameanza kuguswa, na hana muda wa kubembelezana. Kama safari ijayo sukari haijashuka, itabidi aachane na keki. Atafute kazi nyingine, mbali na unga na sukari, la sivyo atakuja kupoteza macho, na huo uokaji auache vilevile.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa kwenye kigoda kati ya oveni zake. Mimi namjua mume wangu. Mwambie aache nyama, ataacha. Mwambie aache kulala kitandani, atalala chini. Lakini ukimwambia aache kuoka, umemwambia asiwe yeye. Huyu ni mtu ambaye akipita barabarani watu wazima wanamkumbusha keki aliyowaokea walipokuwa hawajaota meno. Nilisimama jikoni nikalia kimya kimya, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba anaonewa.

Kesho yake, kabla jua halijapanda sana, nikampelekea maji. Alikuwa amenipa mgongo, anasawazisha keki. Sasa keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba katikati, na huwezi kuipaka krimu hivyo, itaegemea upande. Kwa hiyo anachukua kisu kirefu, anakata ile sehemu iliyovimba. Yeye huiita kofia. Akakata kofia, akaikunja, akaitia mdomoni. Akakata ya pili, vivyo hivyo. Akachovya kidole kwenye krimu, akalamba, akatikisa kichwa, akaongeza vanila, akachovya tena. Akapitisha kisu ukingoni, makombo yakadondoka kiganjani, kiganja kikaenda mdomoni. Yote hayo kwa uso wa mtu aliye katikati ya hesabu ngumu.

Nilibaki mlangoni, bilauri mkononi, mdomo wazi.

"Baba watoto, unafanya nini?"

Aligeuka, shavu limetuna. "Nafanya kazi."

"Unakula."

"Nani, mimi?" Akameza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hana habari. Kwake yeye, kula ni kukaa mezani, kunawa mikono, sahani ikiwa mbele yako. Hii ilikuwa kuonja, na kuonja ni kazi, sawa na kuchekecha unga. "Nisipoonja nitajuaje imetokaje? Hiki si chakula, mke wangu. Hizi ni kofia."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga na bilauri. Sikufanya lolote. Nilikwenda jikoni nikaleta bakuli kubwa lile la kukandia unga, nikaliweka mezani mbele yake. Nikamwambia kila kinachotaka kwenda mdomoni leo kiende humu kwanza. Basi. Sikumkataza kitu.

Akaguna, akaanza kazi. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe, ukifika kidevuni anakumbuka, anaurudisha bakulini. Kofia, makombo, kijiko cha krimu, kingo zilizoungua, kipande cha kujaribu kama ndani pameiva. Jua lilipofika utosini aliniita, akaniita tena, sauti imepoa. Nilipoingia, bakuli lilikuwa limejaa mpaka juu, limefanya kilima.

"Hii yote?" aliuliza.

"Hiyo ni ya asubuhi moja."

Aliliangalia lile bakuli muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Na mimi nimemwambia yule mama wa watu kwamba siongopi," alisema, machozi yanamtoka. Nikacheka na mimi, maana nilikumbuka nilivyoitukana mashine ya watu. Mama akaja kuuliza kuna nini, tukashindwa kumweleza.

Shida ikawa keki zenyewe. Bila kuonja, Kipipa alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Keki ya kwanza aliyooka hivyo ilikuwa tamu mpaka inakereketa koo. Ya pili haikuwa na ladha, kama mkate wa hospitali. Alisonya, akasema afadhali aache kabisa kuliko kuuzia watu aibu. Akanitaka mimi nionje. Nikaonja, nikamwambia nzuri. Akaniambia wewe kila kitu kwako ni kizuri, hunifai. Kweli tupu, mimi keki haijawahi kunishinda.

Ndipo mama yangu aliyekuwa amekaa barazani aliposema, bila kugeuza shingo, "Ile ya jana ilizidi ndimu."

Tangu tuoane, Kipipa na mama mkwe wake wamekuwa wakiheshimiana kwa mbali. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, mwisho. Kumwomba mama mkwe aingie chumba cha nyuma, kwenye oveni zake, aseme kama keki ina kasoro, kwake ilikuwa sawa na kukaribisha askari apekue nyumba. Lakini alishikwa pabaya. Alikwenda barazani, akachuchumaa mbele yake kwa adabu zote.

"Mama, naomba unisaidie ulimi wako."

"Ulimi wangu mkali, baba."

"Ndio ninaoutaka."

Mama alihamia kwenye kigoda kile kati ya oveni, na akawa hana masihara. Nilimwekea sheria: kijiko kile kidogo cha dawa, na baada ya kifungua kinywa chake, asijifanye mgeni wa harusi. Anapewa tone la krimu, anafumba macho, anatoa hukumu. Chumvi imepungua. Siagi haijachapwa ikalainika. Hii mpe adui yako. Kipipa naye nilimfunga kitambaa mdomoni ili mkono usije ukajisahau. Mama akawa anamwita daktari wa upasuaji, na akikata kofia anamwuliza kama mgonjwa ataishi.

Kidogo kidogo alianza kuokea pua, masikio na vidole. Anasikiliza keki inavyonong'ona ikiwa bado mbichi ndani, anabonyeza juu kwa ncha ya kidole, ananusa. Kofia na makombo nilikuwa navikusanya, navigawa kwa majirani, na ghafla tukawa na marafiki tusiowajua. Adhuhuri ikifika anavua kitambaa, ananawa, anakaa mezani na sisi wawili. Mama anamsogezea sahani na kumwambia, "Kula, mwanangu." Hiyo "mwanangu" niliisikia mara ya kwanza, nikajifanya sijaisikia.

Suruali zikaanza kumvuka. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, na jingine. Halafu kuna alfajiri moja niliamka nikiwa na hofu, sijui kwa nini, mpaka nikatambua kwamba hakuna anayekoroma. Nikapeleka mkono puani kwake haraka. Alikuwa anapumua zake taratibu, amelala fofofo, hajaamka hata mara moja kwenda kukojoa. Nilijilaza nikatazama dari huku nikitabasamu peke yangu, na usingizi ukanipitia tena mpaka mama akaja kugonga mlango kuuliza kama tumekufa.

Siku ya kliniki ilipofika niliamka nikakuta kitanda kitupu upande wake. Alikuwa chumba cha nyuma. Rafu ilikuwa tupu. Mabati yote alikuwa ameyasugua, ameyapaka mafuta yasishike kutu, ameyapanga makubwa chini madogo juu, ameyafunga kwenye shuka na kuweka mzigo karibu na mlango.

"Nini hiki?" nilimwuliza.

"Wakisema haijashuka, sitaki kurudi nikayaona kwenye rafu." Alikuwa anaongea na sakafu. "Yule binti wa mtaa wa pili anayejifunza kuoka, umpelekee wewe. Mimi sitaweza."

Nilimshika mkono, mama akafunga mlango, tukaenda wote watatu.

Nilimsimulia daktari habari ya kofia, na ya mama anayemwonjea. Daktari alisoma majibu, akavua miwani. Nikamwona Kipipa anafumba macho kama anayesubiri sindano. Daktari akasema sukari imeshuka vizuri sana, macho yameacha kuharibika zaidi, na uzito, alicheka kidogo, uzito sasa ni wa mtu mwingine. Dawa atampunguzia.

"Na keki?" Kipipa aliuliza. Hakuuliza kitu kingine.

"Oka, mzee. Ila yule mwonjaji wako asikuache."

Mama alikohoa, akaweka mtandio wake sawa. "Simwachi," alisema.

Tulirudi nyumbani bila haraka. Kipipa aliingia chumba cha nyuma na viatu vyake vya kutokea, akafungua fundo la shuka, akaanza kurudisha mabati kwenye rafu, moja moja, analifuta kila moja kwa kiganja ingawa lilikuwa safi. Nilisogea nimsaidie. Alisita, kisha akanipa bati la duara, dogo kuliko yote, akanionyesha pahali pake. Nikaliweka. Alilisogeza kidogo kushoto.

Rafu ilipojaa, alijinyoosha juu ya mkeka pale pale sakafuni, mbele ya oveni, akisema anapumzisha mgongo tu. Kabla sijakunja shuka alikuwa ameshalala, mdomo umefungwa, uso umetulia kama wa kijana niliyemkubali zamani. Nikamfunika na lile shuka. Mama akaniuliza kwa ishara kama tumwamshe, maana chakula kiko tayari. Nikamwambia amwache alale, nikakaa pembeni yake, nikalia kwa furaha bila kumficha mtu.