Sauti ya Ine

Mudogo yangu Gaston iko na ugonjwa moja: hawezi kuingia mu nyumba ya mutu bila kupiga makofi. Unamukaribisha vizuri, unamuonyesha kiti, yeye anasimama mu mulango, anapiga kofi moja, pa!, kisha anainamisha kichwa, anasikiliza namna sauti inarudi. Siku moja alifanya vile ku matanga ya jirani yetu, mbele ya maiti. Nilimufinya mu mbavu mupaka machozi ikatoka, na watu wakafikiri iko analia marehemu.

Lakini kusikia njo kazi yake. Hapa Bukavu, kama munaoza mutoto ao munapokea padri mupya, munaita Gaston na mabafle yake ya kutoa muziki. Mimi na yeye tuko tofauti. Mimi nauzisha sambaza, samaki ndogo ya ziwa, ku soko ya Kadutu, na ku soko kama huna mudomo unalala njaa. Gaston anaweza kushinda siku muzima bila kusema, na ukimuuliza anajibu: "Nilikuwa nasikiliza, yaya." Nani alikuwa anaongea? Hakuna mutu!

Masikio ile aliipata kwa papa yetu. Papa Constantin aliimba sauti ya ine mu chorale, kwaya ya paroisse, tangu ujana yake mupaka tension ya damu ilimuua. Sauti ya ine njo ile ya chini kabisa. Wamama wa sauti ya kwanza watu wanawasifu ku mulango ya kanisa, lakini wa sauti ya ine hakuna mwenye kuwajua mupaka siku wamekosa. Papa hakujali. Alitoka ku misa, anavua kravati, anaomba chakula.

Mwaka jana mama yetu, Mama Bibiane, aligonjwa mapafu. Alipona, Mungu asifiwe, lakini alitoka mu kitanda na wasiwasi mupya. Nilikuwa namupikia uji, akaniambia:

"Rosette, nimesahau sauti ya papa yenu."

"Mama, acha hizo."

"Sura yake iko mu photo. Maneno yake naikumbuka, hata ile ya kunikasirisha. Sauti, hapana. Naitafuta usiku na mchana, haikuje."

Mimi na haraka yangu nikajibu: "Mimi naikumbuka yote! Ilikuwa sauti kubwa, ya kutetemesha madirisha. Mutu anasahau aje ile?"

Mama aliangalia uji. "Na nikifika kule?" akasema. "Watu watakuwa wengi, sawa soko. Ataniita, na mimi sitageuka. Atafikiri nimemukataa."

Mawe! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mama alikuwa anaogopa kabisa. Nilienda kumwambia Gaston, na yeye, kwa mara ya kwanza, alikuwa na jibu haraka.

Kulikuwa caseti. Zamani musemina moja, mwenye kusomea upadri, alirekodi misa ya Pasaka, na papa alikuwa ndani, mu mustari wa nyuma. Lakini kila mara tuliiweka mu kiradio ya nyumbani, tulisikia wamama wanapanda mbinguni na ngoma inalia sawa mukebe. Papa, hata kidogo. Gaston alijaribu na mabafle yake ya ndoa, ile ya kupigia muziki inje mu parcelle. Ilikuwa kelele tupu, jirani wakauliza nani anaoa.

"Mabafle yangu inajua kupiga kelele, haijue kushuka," Gaston alisema. "Papa iko chini sana, yaya. Inaomba chumba."

Na chumba kulikuwa na mutu mwenye nayo. Tonton Lucien si tonton yetu, hatuna undugu naye, kila mutu anamuita vile. Ni mwenye biashara ya kahawa, mutu wa Minova, alijenga nyumba kubwa Muhumba, na nyuma ya nyumba akajenga chumba ya kusikilizia muziki tu. Hakuna kitanda, hakuna meza ya kulia. Alimuita Gaston, akamwambia: "Kuja uniambie ukweli juu ya basse yangu, ile sauti ya chini. Warafiki wote wananisifu, lakini wanakunywa bia yangu."

Gaston alijibu: "Nitakuja, tonton. Lakini nitakuja na mama."

Njo tulienda siku ya posho, Jumamosi, kisha kula chakula ya midi, sisi watatu. Mama alivaa kitenge yake ya misa. Chumba ile, siwezi kudanganya, ilikuwa muzuri: tapis chini, ya kuzamisha muguu, ukuta nene, hakuna dirisha hata moja, na mabafle mbili ndefu sawa watoto wa komunyo ya kwanza. Mu kona kulikuwa caisson, sanduku kubwa nyeusi ya kutoa basse. Kiti ilikuwa moja tu, ya ngozi, imegandamana na ukuta ya nyuma. Tonton Lucien alimukalisha mama pale, mwenyewe akabaki amesimama. Nilimupenda juu ya ile.

Gaston alipiga kofi yake. Tonton Lucien naye akapiga. Nikajisemea, sasa wako wawili.

Kisha Gaston alisema ataanza na kipimo. Haikuwa wimbo, ilikuwa sauti moja tu yenye kushuka pole pole, inashuka, inashuka, mupaka sikio inaiacha na tumbo inaipokea. Ukuta ilianza kunguruma. Udongo chini ya miguu yetu ikacheza.

"Tetemeko!" Mama alipiga kelele.

Mutu wa Bukavu, udongo ikicheza, haulizi swali. Mama mwenye mapafu mubovu alinishika mukono, tukatoka mbio. Inje tulikuta sentinele, mulinzi wa nyumba, amekwisha kufika mu katikati ya parcelle, mupishi iko nyuma yake na mwiko mukononi, na ngambo ya ukuta ya lupango jirani wote wako inje na watoto mugongoni. Tonton Lucien alitufuata, anaomba pole juu ya lupango: "Ni muziki, wamama! Ni muziki tu!"

Mama moja alijibu: "Muziki gani haina hata neno moja?"

Mama Bibiane alicheka mupaka akakohoa. Mimi niliangalia miguu yangu, nikakuta sandali moja tu.

Tulirudia mu chumba. Gaston alikuwa ametia ile caseti mu ordinateur, ile kompyuta yake, aliiweka, akasimama nyuma ya mama. Watu wa chorale waliingia, wamama kwanza, kisha sauti ya pili na ya tatu. Halafu, kutoka chini, ilikuja sauti moja kubwa ya mwanaume. Ilijaza chumba, ikaingia mu mifupa yangu. Nililia palepale bila haya.

"Papa!" nilisema. "Mama, ni papa!"

Mama alikuwa amekaa wima, hata machozi moja hakuwa nayo.

"Si yeye," alisema.

"Mama! Si yeye aje? Sikiliza vizuri!"

"Nasikiliza. Huyu ni mukubwa sana. Papa Rosette hakuimba vile, hakufunika mutu. Na huyu, neno moja analitoa kwa nguvu, lenye kufuata linapotea. Simujue huyu mwanaume."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia ni yeye, mimi mutoto yake najua, nilikuwa nakaa mustari wa kwanza kila siku ya mungu. Nilisema sikio la kufa halisikii dawa, na nikajuta mbele neno haijatoka yote. Mama alishika pembe ya kitenge, akaanza kuikunja kidogo kidogo.

"Niliwaambia nimesahau," alisema. "Sasa hata wakiniletea yeye mwenyewe, simutambue."

Tonton Lucien alikuwa anaangalia tapis. Mutu amefungua nyumba yake kwa furaha, na sasa mama ya watu anavunjika moyo mu kiti yake. Nilimuonea huruma pia.

Njo Gaston alifungua mudomo. "Yaya, nyamaza kidogo. Mama hakukosa." Akamugeukia tonton. "Kuko noti moja yenye kuvimba, tonton. Tangu kile kipimo niliisikia. Chorale haiimbe noti ile kwa nguvu. Ni chumba njo inaiimba, juu caisson iko mu kona na kiti iko mu ukuta. Na zile zenye kuizunguka, chumba inazikula."

"Warafiki yangu wanaipenda sana noti ile," Tonton Lucien alisema kwa masikitiko.

"Hata mimi ingenipendeza ku ndoa. Lakini leo tunatafuta mutu."

Tonton Lucien alikuna kichwa, kisha akakunja mikono ya shati yake. "Tufanye nini?"

Ile walifanya, kama singeona na macho yangu singesadiki. Waliomba mama asimame, wakasogeza kiti mbele, mbali na ukuta, wakabeba caisson, wakaikalisha mu kiti ile ya ngozi sawa mugeni. Gaston aliweka muziki ya gitare basse iko inapiga noti moja moja, inashuka sawa ngazi. Kisha mudogo yangu, mutu wa miaka zaidi ya makumi ine, alipiga magoti, akaanza kutambaa. Alitambaa kando ya ukuta, sikio karibu na tapis, anasimama, anarudi nyuma, anaendelea.

"Kama basse iko mu kiti," alituelezea bila kuinua kichwa, "pale nitaisikia vizuri njo pale itakaa, na mwenye kukaa mu kiti ataisikia vilevile."

Tonton Lucien alimuangalia kidogo. Halafu naye akashuka, na tumbo yake yote, akatambaa nyuma ya Gaston.

Mama alifunika mudomo na kitenge. "Rosette, ona mutoto yangu. Amerudia kutambaa, na amepata mwenzake mwenye mvi."

"Na mwenzake anapumua sana," nilisema, na tonton akacheka kule chini.

Mu kona waliikataa. Katikati ya ukuta basse ilipotea kabisa, tonton akauliza kama umeme umekatika. Walipofika karibu na mulango, Gaston alisimama, hakusogea tena. "Hapa. Inama hapa, tonton."

Tonton Lucien aliweka sikio. "Lakini imekuwa kidogo!"

"Ngojea. Hesabu noti. Kuko yenye kupita zingine nguvu?"

Tonton alisikiliza, macho yamefungwa, gitare inashuka mupaka mwisho na inapanda tena. "Hapana," alisema pole. "Zote ziko sawa. Na mupiga gitare akiacha kamba, inanyamaza."

Waliweka caisson pale karibu na mulango. Kiti ikabaki wazi, mama akakaa tena. Hakutaka, nilimuona. Alikaa sawa mutu mwenye kungojea sindano. Nilimuombea mu roho: Bikira Maria, hata sekunde moja, umupatie bwana yake.

Gaston aliweka caseti mara ya pili.

Wamama waliingia, safi sana, nikasikia hata moja wao anavuta pumzi. Ngoma ilipiga na kunyamaza. Sauti ya pili, sauti ya tatu. Mimi nilikuwa nangojea papa afike, ile sauti kubwa ya mifupa. Haikufika. Wimbo ilikuwa inaendelea na papa hayuko. Niligeuka kwa Gaston nimuulize umemutupa wapi baba yetu, na hapo nikaona uso ya mama.

Alikuwa amegeuza kichwa yake, pole, kwa upande ya kuume, sawa mutu mwenye kuitwa. Midomo yake ilikuwa wazi.

"Constantin," alisema.

Sikuwa nimepata kusikia mama anaita papa jina yake. Maisha yake yote, mbele ya watu na nyumbani, alimuita Papa Rosette. Watu wengine walikufa bila kujua kama alikuwa na jina. Gaston alishika bega ya mama, machozi yake ilikuwa inaanguka mu kitenge ya mama na hakuna mwenye kuipangusa.

"Njo yeye," mama alisema. "Anaenda pole, ona. Anawabeba na hawajue. Njo yeye, njo yeye kabisa."

Wimbo iliisha. Tonton Lucien alitoka inje, akasema anaenda kuangalia kama jirani wametulia. Mama alikuwa anacheka na kulia, na Gaston vilevile, na mimi nilikuwa nimesimama pale na sandali moja, nimekauka.

Juu mimi sikumusikia.

Nilikuwa nimesikiliza na nguvu zangu zote, na kule chini hakukuwa mutu wangu. Yule nilimulilia mara ya kwanza alikuwa chumba. Na ile sauti ya kutetemesha madirisha, yenye nilichunga mu kichwa miaka yote, yenye nilimupigia mama nayo kifua, ilikuwa ya nani? Sijue mupaka leo. Moyo iliniuma vibaya sana. Nilikuwa nimefiwa na papa tena, na safari hii hakukuwa mutu wa kunifariji, juu wenzangu wote walikuwa na furaha.

"Mama," nilisema. "Mimi simusikie."

Nilifikiri atanirudishia maneno yangu, na ilikuwa haki yake. Alinyosha mukono, akanivuta mupaka nikakaa ku pembe ya kiti, akaweka kichwa yake karibu na yangu.

"Gaston," alisema, "rudisha ku mwanzo. Dada yako hajamupata."

Wamama waliingia tena. Mama alileta mudomo ku sikio yangu, akaanza kuimba kidogo, na ile sauti yake yenye kupasuka, mustari wa chini kabisa. Aliufahamu wote. Alishuka pale unashuka, akangojea pale unangojea. Nilifunga macho, nikamufuata mama. Na pole pole nikasikia wako wawili wanaimba kitu moja, mama na mwanaume mutulivu, mwenye kujichunga asikanyage mutu.

Nilimushika mama mukono. Akajua. Akanyamaza, akamuacha papa aendelee peke yake.