Siku Niliyomheshimu Mpinzani Wangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtu mkubwa sana katika klabu yetu ya sataranji huko Woolwich, klabu yenye wanachama kumi na wanane na birika moja la chai. Nahodha, Mwingereza mpole, aliniahidi meza ya kwanza, ile ya mchezaji bora wa timu, msimu ujao nikishinda Jumamosi ile. Niliitaka meza ile kwa roho yote. Jumatatu hadi Ijumaa nilifagia ofisi za watu wasionisalimu. Klabuni tu ndiko walikonipisha mlangoni.

Mpinzani niliyepangiwa alikuwa mama wa Kitanga, nesi mstaafu kutoka Thornton Heath, kanga mabegani juu ya koti. Kiwango chake kilikuwa chini mno, hata nikaona haya kwa niaba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kwa swali hilo nusu ya ukali wangu ilikwisha. Hata hivyo, baada ya saa moja nilikuwa nimembana. Akamshika farasi wake, akamwinua, ndipo akaona kwamba farasi akiondoka, malkia wake ananaswa. Akamrudisha taratibu, akamsogeza malkia badala yake.

"Nisamehe, baba. Macho haya."

Kanuni inajulikana: ukigusa kete, unaicheza hiyo hiyo. Nilitakiwa niinue mkono nimwite mwamuzi. Lakini mimi nimelelewa, bwana! Nimshitaki mtu wa rika la mama yangu, mbele ya Waingereza, kwa ajili ya farasi wa mbao? Nikatabasamu kama shemasi.

"Bila samahani, mama."

Malkia niliyemsamehe hakuwa na adabu kama zangu. Alikula askari wangu wawili, akaingia kwa mfalme wangu bila hodi, na mfalme akakosa pa kukimbilia. Nahodha akaandika matokeo, akanijulisha kwa upole wote kwamba meza ya kwanza ingekwenda kwa mwingine. Niliumia, sifichi.

Nikajiliwaza kwamba muungwana ni vitendo. Ili uungwana wangu ukamilike, nikambebea mama mkoba hadi kituo cha basi.

"Nilijua nimegusa," akasema tukiwa kituoni. "Nilikuwa nangoja useme."

Yaani mwizi yeye, wa kukaripiwa mimi.

"Ningewezaje, mama?"

"Kuheshimiwa, naheshimiwa kanisani kila Jumapili. Leo nilikuja kucheza, nawe ukaniuguza."

Basi likafika. Akauchukua mkoba wake mkononi mwangu.