Nondo za Hermelinda

Katika kijiji chetu, milimani juu ya Huehuetenango, nyumba ya mtu mwenye mwana aliyevuka mipaka kwenda kutafuta kazi Kaskazini utaijua kwa paa lake: nondo zimeachwa zimesimama kwenye kila nguzo, zikingoja ghorofa ya pili. Za Hermelinda Recinos niliziuza mimi, naye alinivunjia bei mpaka nikajuta kufungua duka siku ile.

Mjane huyo alifua nguo za watu miaka kumi na minane, akamlea mwanawe wa pekee, Selvin, kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni. Selvin alipofika Kaskazini alituma pesa za kuta, kisha za paa, na Novemba za mifuko ishirini ya saruji ya kuanzia chumba chake cha juu. Januari simu yake ikazimika. Aliyekuwa akikaa naye alisema tu kwamba alitoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi.

Hermelinda akaipanga mifuko jikoni, juu ya mbao, karibu na meko ili isipate unyevu. Kila Jumamosi aliigeuza mmoja mmoja, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Aliniambia kwamba Mungu aliyeanza chumba kile atakimaliza, na wa kulala humo atakuja.

Aprili nilimwendea. Saruji ikikaa inageuka jiwe, na mimi nilikuwa na mteja. Nikamtajia nusu ya bei.

"Nikiiuza nitakuwa nimemwambia Mungu simngoji tena," akasema. "Na wewe, Bwana Lisandro, hata siku ya ufufuo utapita ukiuliza bei ya majeneza yaliyotumika."

Nilimjibu kwamba angalau ningepita mapema, kabla hayajaoza. Akacheka kidogo, ila hakuuza.

Mei, kanisa lao likamwaga zege la paa. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na waumini wote kwa siku moja, ndoo zikipita mkono kwa mkono, kwa sababu zege likikatizwa huacha mshono, na mshono huvuja mpaka paa likupasukie kichwani. Mchungaji Abdías alianza huku akijua saruji haitoshi; alisema Bwana angeileta. Saa nane mchana ikabaki mifuko mitatu, na theluthi ya paa ilikuwa bado wazi. Dukani kwangu hapakuwa na kitu, lori langu lilikuwa limekwama nyuma ya maporomoko barabarani. Mawingu yalishajaa bondeni.

Fundi Neri akashauri wazidishe mchanga, ile mitatu itoshe. Nikamwambia wazi kwamba paa hilo lingewaangukia watoto wa shule ya Jumapili. Wote walijua saruji iko jikoni kwa nani, na hakuna aliyemtazama.

Hermelinda alikuwa akikoroga uji wa mahindi wa wafanyakazi. Akaufunika, akajifuta mikono, akaja kwangu, si kwa mchungaji.

"Wewe unaijua saruji. Niambie kweli, itafika Desemba bila kuganda?"

"Haifiki hata Julai, mama."

"Basi nifuate. Uibonyeze mmoja mmoja. Sitaki kumpa Mungu mawe."

Mitatu kati ya ile ishirini ilikuwa imeshaganda. Kumi na saba ikatoka mabegani mwa watu wakiimba, naye amesimama mlangoni akiitazama kama anayetolewa maiti nyumbani. Hakulia, wala hakuimba nao. Zege lilifika ukingoni saa kumi na moja, na mvua ikaanza kabla hawajamaliza kulifunika nailoni.

Mchungaji alitangaza kwamba Bwana ametoa.

"Aliituma Selvin, Mchungaji," Hermelinda akasema. "Mtaje jina."

Akamtaja.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake kuulizia nondo. Zingekatwa, ningezinunua, kuliko kuliwa na kutu. Nilimkuta juu ya paa, amepanda kwa ngazi ya kuazima, akivisha kila ncha chupa tupu ya soda ili mvua isiipate.

"Saruji ilikuwa inakufa," akasema bila kugeuka. "Nondo hazijafa. Nirushie hiyo chupa iliyo miguuni pako."

Nikamrushia.

Kutoka Kaskazini mpaka leo hakuna neno. Chupa hupauka kwa jua na kupasuka, kwa hiyo kila mwaka Hermelinda huja dukani kuomba nyingine. Mimi humtajia bei ya nondo, naye huchagua chupa zenye shingo pana.