Filamu Hazionyeshi Mkono

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa filamu za dansi, zile za mapenzi, na kwa miaka tuliyoishi pamoja Dar es Salaam aliniambukiza. Hadithi ni ile ile. Msichana mwenye kiburi anaingia ukumbini kwa bahati mbaya, anakutana na kijana aliyefungua vifungo vya shati hadi karibu na kitovu, wanagombana, salsa inapigwa, kijana anamvuta, na papo hapo msichana anajua kila alichokuwa hakijui jana. Watu wanasogea kando kuwapisha. Hakuna anayekanyagwa. Mwishoni wanacheza mara ya mwisho, na yote yaliyoharibika tangu mwanzo, baba mkali, mchumba wa zamani, uongo waliodanganyana, yanajitengeneza yenyewe. Mimi nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa analia huku ameniegemea begani, na kwa ajili ya hilo bega sikuwahi kuomba tuweke kitu kingine.

Serikali ilipohamia Dodoma nami nikahama nayo. Meza yangu ikawa Mtumba, kwenye ofisi mpya za wizara. Kwangu ilikuwa kama kurudishwa nyumbani, maana nimezaliwa upande wa Mpwapwa na upepo wa huku naujua. Kwake Dodoma ilikuwa vumbi tu. Alikuwa na duka lake la vitambaa na watoto walikuwa shuleni, tukakubaliana abaki kwa muda mfupi. Watoto wakamaliza shule, wakaondoka nyumbani, na ule muda mfupi ukaendelea.

Tulijiwekea utaratibu. Jumapili mchana, baada ya kanisa, kila mtu anafungua filamu ile ile kwake, simu ikiwa hewani, mmoja anasema "haya, bonyeza," tunaangalia pamoja. Mwanzoni tulibishana filamu nzima. Baadaye nikawa nasikia upande wake vyombo vinaoshwa, au mgeni anakaribishwa. Jumapili moja, wale wawili wakiwa katikati ya ukumbi na tarumbeta zinalia kwangu, niligundua kwamba kwake kuko kimya. Hakuwa amebonyeza. Nilimsimulia kinachoendelea, naye akaitikia "mm," hadi mwisho.

Ndipo nikaenda kujifunza salsa. Nisimcheke mtu mwingine kwa kuamini filamu. Mimi na mvi zangu niliamini.

Darasa lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa harusi mjini, kabla wapambaji hawajaja kufunga vitambaa vya usiku. Kitu cha kwanza nilichopewa ni fagio. Upepo wa Dodoma unaingiza mchanga hata pasipo na dirisha, na juu ya marumaru yenye mchanga huwezi kuzunguka bila kuteguka goti. Katika filamu hakuna anayefagia. Wala hakuna anayesema samahani, na neno hilo ndilo tulilolisema kuliko yote pale. Tulikuwa wafanyakazi wa maofisi, wanafunzi wa chuo, dereva mmoja wa wizara mwenye tumbo na miguu myepesi ajabu, na mwalimu wetu, kijana mpole aliyetuamkia shikamoo sisi wazee kabla ya kutusahihisha.

Sheria yake ilikuwa moja: hakuna mwenye mtu wake. Tunasimama duara, wanaume hatusogei, mwalimu akipiga makofi kila mwanamke anahamia kwa mwanamume anayefuata. Waliokuja wawili wawili walitenganishwa mlangoni. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu. Ngoma za kwetu nilizokulia hakuna mtu anayemshika mwenzake. Mnacheza mistari, mabega yanafanya kazi, wanawake wanapiga ngoma, na mke wa mtu unamwona kwa mbali. Hapa nilipewa kiuno cha mke wa mtu kabla sijajua anafanya kazi wapi.

Lakini ndivyo nilivyojifunza mkono. Mwalimu alitueleza kwamba mwanamume haongozi kwa macho wala kwa kuvuta. Anasogeza mkono kidogo, na mwanamke anauegemea kidogo, uzito mdogo tu, na hapo ndipo wanaposikilizana. Akikaza, mnagombana. Akiulegeza kabisa, hayupo. Nilichelewa kuelewa, nikadhani ni maneno ya walimu, hadi siku moja mama mmoja wa makamo alinipa mkono na nikajua kabla hajainua mguu kwamba anataka kwenda upande wa kulia. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na jambo la kumwonyesha mke wangu.

Alikuja kwa treni ya umeme, asubuhi ya Jumamosi. Treni hiyo imefupisha safari sana, na mimi nilikuwa nimejidanganya kwamba tatizo letu ni safari. Alasiri nikampeleka ukumbini bila kumwambia tunakwenda wapi. Alipoona watu wamesimama duara alicheka, akavua viatu vyake vya mchuchumio, akaazima raba za binti mmoja mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa nimemwomba mwalimu atuache pamoja siku hiyo. Mwalimu alikubali, lakini mke wangu akasema hapana, tufuate utaratibu kama wengine.

Kwa hiyo nilianza naye, kisha akapita. Ule mwanzo haukwenda, nikasema ni ugeni. Nikamtazama akizunguka duara. Kwa mwanafunzi alipotea njia wakacheka wote wawili. Kwa dereva mabega yalilegea, akaanza kuzunguka, na uso wake ukawa ule aliokuwa nao akitazama televisheni yetu ya zamani. Niliona wivu, nakiri, lakini zaidi niliona fahari. Nilisema, akinifikia tena atakuwa ameshajua.

Tulipopumzika kunywa maji dereva alinijia, mtu mwema, hana neno.

"Mzee, mama ana mkono mzuri," akaniambia. "Ukigusa tu amesikia. Umemfundisha wewe?"

Nikamwambia ndiyo.

Mwalimu akapiga makofi, tukarudi duara, na mke wangu akaja kwangu. Alitabasamu. Akanipa mkono kama unavyompa mtu mkono wa pole msibani, mtu usiyemjua sana, ambaye unamwonea huruma kweli. Nikausogeza kidogo, kama nilivyofundishwa. Haukukaza, haukuegemea. Miguu yake ilifuata hesabu ya mwalimu na macho yake yalikuwa juu ya bega langu. Kama nisingejifunza kitu, ningefurahi tu kwamba nacheza na mke wangu. Nilijifunza vizuri mno. Wimbo ulikuwa mrefu na sikusogea kando, na watu hawakutupisha.

Tulipotoka alitaka zabibu za kupeleka Dar. Tukasimama kwa mama muuzaji, akawa anachagua vichala, na mimi nikamuuliza pale pale kama kuna mtu. Hakukasirika. Aliweka kichala chini.

"Hakuna mtu, baba. Ningekwambia," akasema. "Nilizoea kukaa bila wewe. Ilinichukua muda mrefu, nililia sana, nikazoea. Sasa siwezi kuanza tena."

Nikamwambia naweza kuomba uhamisho, naweza kustaafu mapema. Akanishika mkono, mkono ule ule, akasema, "Najua."

Alirudi kesho yake na zabibu zake. Hatujaachana. Watu wakiuliza, mke wangu yuko Dar, na ni kweli yuko Dar. Jumapili hatupigiani tena simu ya filamu, wala hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha. Nilifungua moja peke yangu, nikangoja ile dansi ya mwisho. Kamera ilipanda usoni, ikashuka kiunoni, ikaenda miguuni, ikarudi usoni. Msichana alifumba macho na watu wakapiga makofi. Nilirudisha nyuma mara kadhaa nikitafuta mkono wake, nijue kama yupo. Hawakuuonyesha.

Jumamosi bado naenda. Nafagia mchanga, nasimama mahali pangu, mwalimu anapiga makofi, wanakuja mmoja mmoja, wananiegemea kidogo, wanapita. Wote wana mikono inayosikia, na hakuna hata mmoja ninayemtaka.