Kwa Halima, Kuangalia Viti

Sikwenda mtaa wa Pipeline kwa hiari yangu. Nilitumwa. Bosi wetu alikuwa amesikia kwamba kituo cha ambulensi cha kule kimejengewa chumba cha kupokelea simu ambacho wafanyakazi hawataki kukihama, na sisi wa kituo cha Mbotela tulikuwa tunaacha kazi mmoja baada ya mwingine. "Nenda uone walicho nacho, uje uniambie tununue nini," alisema. Kuna mambo mawili hakuyajua. Kwanza, hata mimi nilikuwa nimeamua kuacha mwezi ukiisha, kwa sababu tangu simu ya yule mama wa Tassia sikuwa napata usingizi. Pili, Halima, msimamizi wa chumba hicho kizuri, nilimfundisha kazi mimi mwenyewe hapa Mbotela, kabla bosi huyu hajaja. Bosi alipotaja jina lake, moyo uliniuma waziwazi. Sitadanganya.

Mbotela, asubuhi. Odhis, dereva wetu, alikuwa anapeleka ambulensi kwa fundi wa Pipeline kwa vile king'ora kilikuwa kimekufa, basi akanibeba. Sauti ya Odhis naijua kuliko ya mume wangu, maana naisikia kwenye redio kutwa nzima. Sura yake siioni sana. Madereva wetu hunywa chai nyuma, karibu na magari, na sisi wa simu tunakunywa yetu ndani, mlango umefungwa. Tulipotoka getini, mama anayeuza mitumba alitusimamisha kuuliza ni nani mgonjwa.

"Ni huyu Mama Ciku," Odhis akamwambia, akininyooshea kidole. "Anaumwa na viti vya wenyewe."

Mama wa mitumba akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka.

Jogoo Road. Nimetuma magari kwenye barabara hii miaka mingi bila kuitazama. Naijua kwa masikio tu. Watu hunipigia wakisema wako karibu na kinyozi, au nyuma ya wauza mbao, au pale maji hutuama, na mimi huyachora yote kichwani. Asubuhi hiyo nilimwona kinyozi kwa macho yangu. Nilimdhania mzee, kumbe ni kijana mwembamba aliyevaa aproni ya maua, na duka lake ni dogo kuliko choo chetu. Niliendelea kumwangalia kupitia kioo cha pembeni mpaka akapotea.

Baada ya Donholm tuliingia barabara ya Outering, na mbele kidogo ghorofa za Tassia zikajitokeza, nguo zimeanikwa kila kibaraza. Hapo nilishindwa kunyamaza. Mama mmoja alinipigia kutoka huko, mtoto wake ameacha kupumua. Nilimwelekeza jinsi ya kumbonyeza kifua, nikawa namhesabia, moja, mbili, tatu, kisha simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikushika. Sikujua kama alinisikia, wala kama alikata kwa sababu nilimkera. Aliyekwenda huko na gari ni Odhis.

"Odhis, yule mtoto wa huku," nikaanza.

Aliongeza sauti ya muziki. "Zii, mathe, achana na hiyo."

Ndivyo madereva wanavyotujibu siku zote.

Pipeline. Ghorofa zimebanana huko hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani, nami nilitumaini kwamba chumba cha Halima kitakuwa na giza. Wapi! Kina dirisha pana linalotazama ua mdogo wenye sukuma wiki zilizopandwa kwenye magunia, na jua linaingia mpaka mezani. Halima alikuja kunikumbatia. Ni binti wa Eastleigh, mnyamavu, na alipokuwa kwetu alikuwa amekonda akaisha. Sasa mashavu yalikuwa yamejaa.

"Karibu, Mama Ciku! Jamani, huyu ndiye mwalimu wangu," aliwaambia wenzake, nao wakanisalimia kwa heshima. Hilo nalo liliniudhi.

Alinitembeza. Taa zao haziumizi macho. Ukutani wameweka kitambaa kizito kinachomeza kelele, kwa hiyo mtu hapigi mayowe kushinda mwenzake. Kuna kijichumba chenye godoro na mkeka, anayetaka kuswali anaswali, anayetaka kulia analia. Nilipitisha kidole kwenye dirisha nikitafuta vumbi. Hakukuwa na vumbi. Nikakalia kiti cha Halima, kile kinachopanda na kushuka, nikiomba angalau kipige kelele. Kilinipokea kimyakimya kama mtoto mwenye adabu. Niliwaza kiti changu cha plastiki chenye ufa unaonifinya paja, na nikamwonea Halima wivu mpaka mate yakawa machungu.

Nilichoona baadaye kilinimaliza kabisa. Chupa kubwa ya chai ilikuwa katikati ya chumba, kati ya meza za simu. Mlango ulikuwa wazi. Mhudumu mmoja wa ambulensi, bado ana glavu mfukoni, aliingia bila kubisha, akajimiminia chai.

"Halima, yule buda wako wa Kware amefika hospitali poa. Ameanza kuitisha soda."

Halima aliweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi." Kisha akapokea simu nyingine.

Alipomaliza nilimuuliza kwa nini chai haikai jikoni. "Tuliiweka hapa makusudi," akasema. "Mtu wa gari akitaka chai lazima apite kwetu, na akipita anatuambia ilikuwaje."

"Na mgonjwa akifa?"

"Anatuambia pia. Natoka nje kidogo, mwenzangu ananishikia simu. Inauma, lakini inaisha. Kule kwetu Mbotela hakuna iliyokuwa inaisha, Mama Ciku. Ndiyo maana niliondoka."

Ningeweza kuishi bila kiti chake. Lakini kwamba Halima anajua mwisho wa kila simu, na mimi ninabeba zote zikiwa nusu, hilo sikuweza kulimeza. Niliaga upesi kabla machozi hayajaniaibisha.

Kurudi. King'ora kilikuwa kimepona. Tulipofika tena mbele ya Tassia nilinyoosha mkono nikaizima redio ya Odhis.

"Niambie."

Alipunguza mwendo, akaegesha kando. "Mtoto alikuwa ameshaenda tukifika," alisema. "Pole, Mama Ciku. Tuliambiana tusiwaletee hizo story, mtashindwa kushika simu ingine. Tulikuwa tunawahurumia."

Nilishika kitasa cha mlango nishuke.

"Lakini mathe yake alikuwa bado anabonyeza. Simu imeisha chaji, iko tu hapo sakafuni, na yeye anahesabu. Moja, mbili, tatu, vile ulimwambia. Alituambia kuna mama kwa simu alimsaidia, tumshukuru."

Nililia hapo kando ya Outering, na Odhis akanipa kitambaa chake cha kufutia kioo. Alikuwa analia pia. Hata yeye hakuwa amemwambia mtu.

Mbotela tena. Bosi alinisubiri mlangoni. "Haya, tununue nini?" Nilimwambia viti, taa na kitambaa cha ukutani vinahitajika kweli, aanze kutafuta hela, na asifikiri nitasahau. Kiti cha Halima nakitamani hadi leo. Lakini niliyojifunza hayakuhitaji kumsubiri. Nilikwenda nyuma nikaibeba chupa ya chai ya madereva, nikaiweka mezani kwangu, nikaufungua mlango na kuukazia jiwe. Mwezi uliisha na sikuacha kazi.

Siku ile ya kwanza ya mlango wazi Odhis alisimama kizingitini na kikombe kitupu, asijue pa kuweka miguu.

"Niingie?"

"Ingia, chai iko huku."

Kiti cha ziada hatukuwa nacho. Alipindua ndoo, akakaa, akapuliza chai yake.

"Yule nyanya mgonjwa wa jana," akaanza, na sote tukageuka kumsikiliza.