Mche Uliofungwa Utepe

Nyuma ya nyumba yetu Kariobangi palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi magodoro mawili, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa fundi wa masufuria. Hapo ndipo mama alipopanda managu, ile mboga chungu ambayo wengine huiita mnavu, na ole wako upitishe mpira hapo.

Managu mengine yalijiotea mtaroni, nje ya geti, bila ruhusa ya mtu. Majani yake yalikuwa madogo kama ukucha wa kidole gumba, machungu ya kukukunja uso. Ya mama yalikuwa mapana na laini, na hata uchungu wake ulikuwa na adabu. Mimi nilidhani ni mimea miwili isiyojuana kabisa.

Siku mwalimu wa kilimo alipotuambia kwamba kabichi na sukuma wiki zina babu mmoja wa porini, nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama vile nimeigundua mimi. Mama alikuwa akichagua mchele.

"Kwani ulifikiria kabichi ilitoka huko porini ikiwa imejikunja hivyo?" akaniuliza. "Kuna mama wa watu mahali aliikazania."

Alikuwa akimzungumzia mamake, ila sikujua. Kisa chenyewe nilikisikia baadaye, nikiwa nimeshaharibu mambo. Bibi yake mama, huko kwao magharibi, alianza na haya haya ya vijani vidogo, yaliyoota pembeni mwa shamba la mahindi. Watoto walikuwa wengi, na vidole vyake vilichoka kuchuma vijani vya mzaha. Basi kila msimu mche wenye jani pana kuliko yote hakuuchuma. Aliuacha uzae mpaka matunda yaive, akayakamua, akazichanganya mbegu na majivu, akazianika. Binti yake, yaani bibi yangu, akaendelea vivyo hivyo, mpaka jani moja likawa linafunika kiganja cha mtu mzima.

Bibi alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wajomba walipanda miwa pale palipokuwa na mboga zake. Mama alirudi kutoka mazishini na kijiko kimoja cha mbegu, kimefungwa kwenye pembe ya leso. Unyevu wa nyumba yetu uliziharibu nyingi. Zilizopona akazipanda zote. Ikaota miche michache, na kati yake mmoja tu ulitoka na jani la bibi. Mama alichana utepe kwenye ile leso, akaufunga shinani.

"Huu usiguswe," akasema.

Sikuuliza kwa nini, maana nilijiona najua. Kwetu kila kitu kizuri kilikuwa hakiguswi. Kulikuwa na vikombe vya mstari wa dhahabu kabatini, vitambaa vilivyofumwa vya kufunika viti, hata soda moja iliyokaa chini ya kitanda mpaka ikashika vumbi. Vyote vilikuwa vya wageni. Nikajua na mche ule ni wa wageni.

Jumamosi moja akafika shangazi, dada yake baba, bila taarifa. Mama alikuwa kiwandani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko peke yangu, na nyumbani hakuna nyama. Nilitaka sana kusifiwa, siwezi kudanganya. Nilikwenda nyuma nikaung'oa mche ule na mizizi yake, kama wanavyofanya akina mama wa sokoni, nikalifunga fungu kwa utepe ule ule ili lipendeze. Nikampitishia shangazi alione kabla sijalipeleka jikoni. Matunda yalikuwa bado mabichi, nikayatupa. Nikachemsha mboga, nikatia maziwa, nikasonga ugali, nikatoa vikombe vya dhahabu.

Mama aliingia shangazi akifuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Wifi, huyu mtoto umemfunza! Hii ni mboga ya nyumbani kabisa!"

Mama aliuona utepe juu ya meza. Akavua viatu, akanawa, akajipakulia kilichobaki, akala polepole mpaka sufuria ikaisha, huku akimjibu wifi yake vizuri tu. Kisha akamsindikiza hadi stejini kupanda matatu. Aliporudi alipita moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama mbele ya kile kishimo.

"Umempika mama yangu," akasema.

Akalia. Hakunichapa, na ningeona afadhali kuchapwa. Nililia nami, tukakaa pale chini ya kamba ya nguo, na hapo ndipo aliponisimulia habari za bibi yake na majivu.

Asubuhi yake alikagua miche iliyobaki, mmoja baada ya mwingine. Jani pana kuliko yote liliishia katikati ya kiganja chake. Akanitilia utepe mkononi.

"Funga wewe."

Tangu hapo kila msimu tulipima. Mama alilaza jani kiganjani, akalitazama, akasema, "Bado." Msimu mwingine, bado. Fundi wa masufuria alihama, akaja mwingine, na bado. Nilimpenda mama kwa namna alivyolisema neno hilo, bila hata chembe ya kunilaumu.

Muongo ule ukikaribia kwisha niliingia chuo cha ualimu. Niliporudi likizo ya kwanza, nilikwenda nyuma ya nyumba kabla hata sijaweka begi chini. Nikakuta miche miwili imefungwa utepe.

"Ule ni wa mbegu," mama akasema.

"Na huu?"

"Huu ni wa mgeni."

"Mgeni gani?"

Aliinama akaufungua utepe, akachuma jani moja, akalilaza kwenye kiganja changu. Lilikifunika chote. Nilitaka kumwambia mimi si mgeni hapa, ni mwanawe, lakini nikabaki nikilitazama lile jani.

"Nenda ukae," akasema. "Leo napika mimi."

Chai akaniletea kwenye kikombe cha mstari wa dhahabu.