Mzegazega wa Mtopanga

Sikufukuzwa. Naliweka hilo mbele kwa sababu shemeji yangu hadi leo anawaambia watu wa Changamwe kwamba alinifukuza. Asubuhi ile dada alikuwa akimimina chai, shemeji akaniangalia miguu na kusema, "Hiyo miguu haijui kukaa nyumba moja." Nikamwambia kweli, haijui, nikavaa viatu nikatoka. Begi lilikuwa tayari limefungwa. Mimi begi langu halifunguliwi kabisa popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Shule niliiacha darasa la sita, na huko pia sikufukuzwa. Nilitaka tu kujua malori yanayopita mbele ya darasa yanaenda wapi, na kwa miaka kumi na sita nikawa utingo: nimelala Mariakani, Voi, Malindi, nimesoma kila gazeti lililofungiwa samaki na kila kitabu kilichosahauliwa garini. Wiki chache kabla ya asubuhi hiyo, tajiri wetu aliuza lori. Sikuwa na mpango wowote. Karibu na matangi ya mafuta nikakuta dereva ninayemfahamu, amebeba saruji.

"Wapi leo?"

"Mtopanga."

"Nami Mtopanga," nikasema, na ndivyo nilivyoamua.

Walipokuwa wakishusha saruji nikasikia mdundo kutoka ghala la jirani, lililokuwa zamani la nazi. Haukuwa muziki. Zilikuwa nyayo. Nikachungulia mlangoni. Watu sita walikuwa wamekaa chini wakipiga sakafu kwa visigino, na katikati mwanamke mfupi wa makamo, nywele zimeingia mvi, alikuwa na ufito begani na ndoo ya maji kila upande, mzegazega kabisa. Alikuwa akienda kinyumenyume, upesi, na ukuta ulikuwa nyuma yake.

Utingo haoni kitu kinarudi nyuma akanyamaza. Mkono ukapanda wenyewe. "Lete, lete, lete! Kata kushoto! Hooo!" Nikaupiga mlango wa bati kofi moja. Kwetu kofi moja ni simama, mawili ni twende.

Akasimama. Maji hayakumwagika hata tone. Wale sita wakaangua kicheko.

"Nani huyu?" akauliza bila kugeuka.

"Mama, ungegonga ukuta."

"Wallahi, nataka kugonga! Miezi miwili natafuta kugonga ukuta bila kuogopa. Leo siogopi, wewe unanisimamisha."

Kiswahili chake alikiokota kwa majirani wa Mtopanga, viapo na vyote, ingawa si Mwislamu. Niliomba radhi nikageuka niende zangu.

"Ngoja. Ule mkono. Fanya tena."

Nikafanya, huku wale wakinitania: "Utingo, tupaki vizuri!" Alinizunguka akiuangalia mkono wangu kama fundi anayekagua gurudumu.

"Nani amekufundisha?"

"Lori."

Hapo akacheka yeye.

Mchana tulikula mbaazi na mahamri kwenye kizingiti cha ghala. Mwenye mkokoteni akapita akapaza sauti, "Mchina, mambo!" Naye, mdomo umejaa, akajibu, "Poa, Mnigeria!" Jamaa akasimamisha mkokoteni. "Mimi si Mnigeria!" "Na mimi ni Mvietnamu. Sasa tumejuana."

Maisha yake nilipewa vipande siku ile, na vingine baadaye. Mama yake alikuwa akiuza uji wa mchele mitaani, vyungu viwili kwenye ufito begani. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja walikuja watu wa shule ya dansi, wakampima shingo, wakampima miguu, wakamkunja mgongo kama mkeka, wakamchukua. Alilala bwenini miaka saba. Mwalimu alikuwa akimkalia magotini hadi nyonga zifunguke, na aliyelia alianza upya. Alijifunza dansi za Ulaya na za kwao. Kosa moja tu halikumtoka: bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. "Bega la mchuuzi," mwalimu alimwambia mbele ya wote. Wakamfunga ubao mgongoni mwaka mzima ili linyooke.

Likanyooka. Akacheza na feni za mkono na kofia za majani mbele ya wageni, huku akihesabiwa meno ya kutabasamu. Mama yake alipokufa akarudi nyumbani, akakuta ufito ukutani, akauweka begani. "Bega likarudi pale pale," alisema, akinionyesha. "Tangu siku hiyo simtabasamii mtu nikicheza. Atakaye kutabasamu, atabasamu mwenyewe."

Hoteli moja ya ufukweni ilimwomba alete feni. Aliwajibu kwamba feni zao ziko darini, zina umeme. Mmoja wa wale sita, binti wa Likoni aliyekuwa amekaa karibu yangu, ambaye alikuwa ameacha kucheza hotelini, akapiga makofi kwa furaha ingawa hadithi ile alikuwa ameshaisikia mara nyingi.

Kabla ya kurudi ndani yule mama, ambaye wale sita walimwita mwalimu, akaniambia: "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, usije tena. Unalala wapi?"

"Changamwe," nikasema, kisha nikajirekebisha. "Hapa hapa."

Sikuwa na hapa. Nikaenda Junda, mtaa wa jirani, kutafuta chumba, na nikaapa sitasema mimi ni utingo. Ingekuwa rahisi; utingo anajulikana. Lakini miaka yote nimekuwa mtu wa lori la mwingine.

Mwenye nyumba wa kwanza, jamaa wa bara, aliuliza kazi. "Dansi." Akatikisa kichwa. "Buda, hiyo si job. Leta mtu ana payslip." Wa pili, muuza viazi karai, alisema nyumba yake haina nafasi ya ngoma wala wacheza ngoma. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi nilipomkuta bibi mmoja akipeta mchele uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chumba kipo. Wafanya kazi gani?"

"Nacheza dansi, kwa mwalimu wa Mtopanga."

"Yule Mchina?"

"Si Mchina, bibi. Mvietnamu. Twacheza na mzegazega."

Ungo ukatulia mapajani. "Babangu alichukua maji kwa mzegazega, mjini, nyumba kwa nyumba. Watoto walikuwa wakimfuata nyuma wakimuiga, wakicheka." Akanikazia macho. "Nanyi mwamcheka?"

"Hapana. Kule hatabasamu mtu."

"Hebu tembea nione."

Nikachukua ufito wa kuanikia nguo, nikapita uani kama nilivyoona. Hata sikufika mwisho.

"Watembea kama mwenye jipu! Lete hapa." Akaweka ungo chini, akaifunga leso yake kiunoni, akautia ufito begani. Hatua fupi fupi, za upesi, nyonga ikitikisika na bega limetulia. Bega la kulia lilishuka chini kidogo. Akazunguka ua mzima na uso wake haukutabasamu hata kidogo.

"Hivyo. Maji hayamwagiki," akasema akihema. "Chumba chako ni kile cha pazia kijani. Waamka saa ngapi?"

"Kumi na moja, bibi."

"Nami ndiyo saa yangu ya kuamka kuswali. N'takugongea."

"Gonga mara mbili," nikamwambia. Nikaingia, na begi nikalifungua lote.